Shimo Refu Nililokufundisha

Rumonge, jioni

Spesi mwanangu,

Nimekuona ukitoka kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya. Umenipita hapa nyuma ya jikoni kama mtu anayempita mbwa asiyemjua. Una haki. Mchana, kwenye karamu ya kukuaga, mbele ya wageni wako, nilitema samaki kwenye sahani, nikainuka, nikatoka nje bila hata kunawa, na mama yako akabaki akiwaambia watu eti tumbo linanisumbua. Tumbo halinisumbui. Nilishikwa na kinyaa, na mpaka sasa hakijaniachia, ndiyo maana naandika badala ya kusema. Nikifungua mdomo leo nitapiga kelele, nawe kesho unasafiri.

Mambo ya kula vizuri, kufunga begi, na usitembee ovyo huko Bujumbura, mama yako atakuambia, na akimaliza ataanza upya. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni shimo la shule.

Acha niliseme lote hapa mwanzoni, usije ukadhani nazunguka. Kesho asubuhi Directeur wa shule ya msingi anaanza kuchimbisha choo kipya, nyuma ya madarasa, upande wa ziwa, karibu kabisa na pale kile cha zamani kilipozama ziwa lilipopanda. Vigingi vimeshapigwa. Pompe ya maji ya shule iko hapo hapo, chini ya ukuta wa darasa la kwanza. Mdogo wako Divine anakunywa maji yake kila siku wakati wa mapumziko, anayakinga kwa viganja. Na leo, mezani, Directeur alipokugeukia akasema, "Ehe, ingenieri wetu, umeona plan yetu, iko muzuri?" wewe ulijipangusa mawese mdomoni, ukajibu bila kufikiri hata kidogo: "Iko sawa, Directeur. Shimo likiwa refu ndiyo bora. Papa ndiye alinifundisha."

Watu wakapiga makofi. Hapo ndipo yule samaki alipogeuka mdomoni mwangu.

"Mumesikia?" Directeur akasema. "Ingenieri amesema. Kesho tunachimba."

Ingenieri! Hata gari la kwenda kuusomea huo uhandisi hujapanda!

Sijakukasirikia, mama. Ulisema kweli. Mimi ndiye niliyekufundisha. Ulipokuwa mdogo nilikuwa nakuweka mabegani, tunakwenda wote kwenye kazi zangu, na njiani nakuuliza, "Spesi, choo kizuri ni kipi?" Nawe unapiga kelele mpaka wapita njia wanageuka: "Chenye shimo refu!" Nakununulia kipande cha muwa. Leo nimekusikia ukilisema neno lile lile, kwa sauti ile ile ya kungojea muwa.

Sasa ngoja nikuambie neno hilo nililitoa wapi, maana hukuwa umezaliwa.

Mimi nimekulia Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi, ndani kabisa, kwenye udongo mwekundu uliokauka kama tofali. Babu yako hakuwa na ng'ombe wala shamba la maana, lakini alikuwa na shimo. Usicheke. Kule mtu alipimwa kwa choo chake. Aliyechimba kifupi, mvua ya kwanza tu mambo yanapanda juu, mafunza yanatembea mpaka mlangoni, na nzi wanatoka pale moja kwa moja kwenda kutua kwenye ugali wa jirani. Babu yako alichimba mpaka sauti yake ikawa inatufikia kama ya mtu aliye chumba kingine. Sisi tulivuta udongo kwa kamba. Alipopanda kutoka alikuwa mwekundu hata kwenye kope, anacheka peke yake. Watu walikuja kuangalia. Walirusha kijiwe, wakatega sikio wasikie kitafika lini chini. Choo kile kilitufaa miaka na miaka, hakikunuka, hakikujaa, na nyumbani kwetu hakuna aliyeharisha. Basi nikakua nikijua jambo moja duniani bila shaka yoyote, kwamba shimo refu ni usafi na shimo fupi ni uvivu.

Tuliporudi Burundi tukapata kiwanja hiki hapa chini, karibu na maji. Habari ya mashamba ya wazee wetu siitaki leo. Nilirudi na mama yako, sufuria, magodoro, na ujuzi huo. Nikaanza kuchimba. Sijafika hata kiunoni, maji! Yanabubujika kutoka kwenye mchanga, safi kabisa, unaona kucha zako za miguu. Mtu mwenye akili angepanda juu akae ajiulize. Mimi nikaona nimechokozwa. Nikaleta ndoo, nikayatoa. Yakarudi. Nikashusha mapipa niliyoyakata matako ili mchanga usiporomoke, nikatoa maji tena, nikachimba, nikatoa. Nilikuwa nashindana na Ziwa Tanganyika, Spesi. Kwa ndoo! Na nilipofika chini nilikotaka, nikatoka nimelowa mpaka kwenye masikio, nikacheka kama babu yako.

Wenyeji walichimba vifupi. Kikikaribia kujaa wanafukia, wanapanda mgomba juu, wanahamia pengine. Sisi tuliotoka Tanzania tuliwacheka kweli kweli. Wavivu hawa, hawajui hata kunya. Na nani kati yetu alijiuliza kwa nini watu waliozaliwa kando ya maji wanaogopa kuchimba? Hakuna hata mmoja. Tulirudi na kiburi cha nchi kavu, tukakimwaga ndani ya maji ya watu.

Walionishangaa wakaanza kuniita kazini. Wewe unayajua hayo, maana ndiyo yaliyokupa jina shuleni, "mutoto wa Papa Shimo", na ukarudi unalia, ukaniapia kwamba utasoma mpaka ujenge madaraja, mambo ya juu, mambo yanayoonekana. Sikukulaumu hata siku moja. Mimi pia ningetaka mwanangu ajenge daraja.

Halafu ukapata kile kitabu. Unakikumbuka vizuri, zawadi ya shule, kikubwa kama tofali, cha Kifaransa, historia ya wahandisi tangu zamani mpaka leo, na picha za rangi. Tulikisoma mwaka mzima hapa barazani, wewe unasoma na kutafsiri, mimi nasikiliza. Nilikukera sana, najua. Ulikuwa unanieleza jinsi mawe ya piramidi yalivyovutwa kwa kamba, na maji yakimwagwa mbele ili mchanga usizuie, nami nauliza, "Watu wote hao, jua lote hilo, wanakwenda haja wapi?"

"Papa! Tuko kwenye piramidi!"

"Ndiyo, lakini wanakwenda wapi?"

Ulikuwa unafunga kitabu kwa hasira. Lakini ulianza kutafuta. Kitabu chenyewe, na unene wote ule, kilikuwa na ukurasa mmoja tu juu ya jambo hilo. Ukurasa mmoja! Kurasa za milango ya makanisa ziko ngapi? Za mizinga ya vita je? Yale mengine uliyatoa kwenye simu yako, ukawa unaniletea jioni, umeziba pua na unacheka, na mimi nilikuwa nangojea jioni hizo kuliko chakula.

Uliniambia habari za watu wa kale wa Bonde la Indus, waliojenga nyumba za matofali na mifereji iliyofunikwa ikipita mitaani, kabla hata ya hao Warumi wanaosifiwa. Nikasema, hao ndio watu! Halafu Warumi wenyewe. Maji wanayaleta kutoka milimani juu ya matao marefu, picha nzuri. Kisha ukanisomea kwamba walijenga mfereji mkubwa chini ya mji, na mfereji huo ukamwaga yote mtoni. Na vyooni wanakaa mstari mmoja wanaongea siasa, na wanasema walikuwa na sifongo kwenye kijiti, wakimaliza wanapokezana. Wanapokezana! Ptuu! Nilitema mate, ukacheka mpaka ukaanguka kwenye mkeka.

Tukaja kwa wazungu wa ngome za mawe. Choo kimetokeza nje ya ukuta kama kiota, na mzigo unaanguka moja kwa moja kwenye maji yanayozunguka ngome. Maji hayo hayo ndiyo yanamzuia adui. Kwa kweli mimi ningekuwa adui ningerudi nyumbani.

Nikapenda sana habari za mvuke, wewe unajua. Mashine za kwanza ziliwekwa kuvuta maji kwenye machimbo ya makaa. Nilikuambia kama ningekuwa na moja, ningefika katikati ya dunia. Na ile meli ya Wajerumani iliyoletwa kwa vipande mpaka Kigoma, kwa treni na kwa migongo ya watu, ikaunganishwa msumari kwa msumari ikaingia ziwani, hiyo nilikuambia rudia, soma tena. Ulifurahi siku ile kwa sababu sikuuliza swali langu.

Lakini London ndiyo ilinikaa. Kumbuka ulivyonisimulia. Mafundi wao wakavumbua choo cha kuvuta maji, kila tajiri akakitaka. Safi, hakinuki, unavuta mnyororo, kimekwenda. Kimekwenda wapi? Kwenye mto. Na maji ya kunywa yanatoka wapi? Kwenye mto. Kipindupindu kikawamaliza. Walikufa maskini wengi wee, mambo hayakubadilika. Halafu kukaja kiangazi kimoja cha joto kali, mto ukanuka mpaka wakubwa bungeni wakalowesha mapazia kwa dawa ya chokaa ili waweze kupumua. Ndipo wakajua kuna tatizo. Ndipo wakatoa ruhusa, mifereji ya matofali ikajengwa chini ya mji mzima. Walingoja mpaka harufu iingie puani mwao wenyewe!

Nilikuambia siku ile, na nakuandikia tena kwa sababu ndilo jambo pekee nililolitoa kwenye kile kitabu: ukiondoa madaraja na minara, sehemu kubwa ya historia ya wahandisi ni kusogeza mavi yasikae kwao, yakae kwa jirani. Mrumi kayasogeza kwa aliyekaa chini mtoni. Bwana wa ngome kayasogeza kwa adui. Mwingereza kavuta mnyororo. Mpaka walipofika mwezini, wewe mwenyewe ulinisomea, wakaacha huko mifuko ya mavi yao ili chombo kiwe chepesi. Mwezini! Mtu anaimba mapenzi akiutazama mwezi, na mifuko iko huko.

Mama yako akisoma hapa atasema niandike "uchafu". Siandiki uchafu. Uchafu ni neno la kuvutia mnyororo.

Sasa, tulicheka sana juu ya London. Hukuona kitu siku ile, na mimi sikukuonyesha. Nilikuwa nawacheka wenzangu.

Habari ya Bi Salma unaijua. Nyumbani kwetu imekuwa hadithi ya kuchekesha, mama yako anaisimulia kila tukiwa na wageni, na wote wanacheka anapofika mahali nilipotapika. Mimi pia hucheka. Leo sicheki, acha niisimulie kama ilivyokuwa.

Bi Salma, jirani yetu mwenye duka la vitenge, ana kisima uani kwake tangu enzi za baba yake. Maji yake ndiyo ya kupikia, ya kuogea, ya kutawadhia. Shimo langu na kisima chake vilitenganishwa na ua wa matete tu. Ziwa lilipoanza kupanda, mwaka ule maji yalipofika kwenye minazi na nyumba za mbele zikaanza kuanguka moja moja, aliniita kwenye ua. Hakupaza sauti, yule mama hapazi sauti.

"Baba Spesi, njoo unuse."

Nikaingia. Uani kwake panang'aa, amefagia, kuna vigae vyeupe pale anapotawadhia. Aliteka ndoo akaiweka mbele yangu. Nikainama. Spesi, mimi nimefanya kazi ya vyoo nusu ya maisha yangu, pua yangu imezoea mambo ambayo wewe ukiyanusa utalala siku mbili. Lakini ile ndoo ilikuwa na maji safi. Yanaonekana safi, anga linaonekana ndani yake. Na yananuka choo changu. Sikuwa na haja ya kuuliza ni cha nani, niliifahamu harufu kama mtu anavyofahamu sauti ya nyumbani kwake. Nikatapika pale pale, juu ya vigae vyake.

Hapo ndipo watu hucheka. Kinachofuata mama yako hakisimulii. Bi Salma aligeuka haraka kutafuta maji ya kuosha. Akashika ndoo, akainua, kisha akasimama nayo hivyo, mkononi. Hakuwa na maji ya kuniosha. Alikuwa na yale tu.

Akaniuliza, pole pole, "Toka lini nayatawadhia haya? Nasimama mbele ya Mola wangu na mavi yenu, Baba Spesi?"

Alikifunika kisima kwa bamba la zege, akawa anatuma watu wamchotee maji mbali. Hakunishitaki kwa mtu yeyote, hakuacha kunisalimia, na sikukuu yao bado anatuletea pilau.

Na kuna jambo ambalo Bi Salma hakulisema, nami usiku ule lilinijia lenyewe. Ulikuwa umelazwa mwaka wa nyuma yake kwenye mahema ya kipindupindu. Umekauka, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiivuta inabaki imesimama. Sisi tulikuwa tukichota kwa Bi Salma maji ya kunywa, unakumbuka, kwa sababu yalikuwa matamu kuliko ya bomba. Na mimi, wakati wewe uko na drip mkononi, nilikwenda sokoni nikawatukana akina mama wa ndagala. Nikawaambia wanatuua kwa uchafu wao, wanaanika samaki ovyo mchangani. Mmoja, mtu wa Magara, alilia. Nilirudi hospitali nimeridhika.

Sijui kama lilikuwa shimo langu. Hakuna atakayejua. Lakini kila nikikumbuka mdomo wangu ule pale sokoni, nachukia meno yangu.

Nikafukia choo chetu, nikajenga kile cha juu chenye ngazi ambacho wewe ulikionea aibu. Mashimo ya watu wengine je? Yako wapi? Yako pale pale, na mapipa yangu ndani. Kwa baadhi nilikwenda nikawaambia wafukie. Walisema, "Papa Shimo, wewe mwenyewe ndiye ulitusifia." Nikarudi nyumbani. Nikaacha kazi ile, nikawa fundi wa kuta, watu wakadhani ni mgongo. Na neno lile la muwa sikulifuta. Niliona aibu kurudi kwa mtoto niliyemfundisha wimbo nikamwambia wimbo ule ni wa uongo. Niliacha likae. Nikadhani litakufa lenyewe. Kumbe lilikuwa linangojea Directeur na Fanta alizotuletea leo mezani!

Usidhani sikujaribu. Juzi nilikwenda ofisini kwake. Nikamwambia, Directeur, hapo upande wa ziwa usichimbe kabisa. Jenga juu ya ardhi, ng'ambo ya barabara, kisanduku cha zege kilichofungwa chini na pembeni, watoto wapande ngazi, kikijaa kinafunguliwa nyuma kinakombwa, mambo yanakwenda kukaushwa mbali na maji.

Alinisikiliza, si mtu mbaya. Aibu inamla, watoto wanajisaidia kwenye michikichi na wazazi wanasema. Lakini alicheka. "Papa Spesi, choo ya kupanda ngazi? Mutoto apande kama pasteri anaenda kuhubiri, na shule yote iko inamuangalia?"

"Watazoea."

"Na ikijaa, nani atatoa iyo kitu?"

"Mimi."

"Weye?"

"Mimi. Asante, murakoze."

Akasogeza kiti chake nyuma kidogo. Kidogo tu, bila kutaka. Nimeizoea hiyo, watu wamenisogezea viti maisha yangu yote. Lakini alibaki na wasiwasi, nilimwona. Alipokuja leo kwenye karamu yako alikuwa bado nao. Alikuuliza kwa sababu alikuwa anatafuta mtu wa kumtoa wasiwasi, na wewe ukamtoa, kwa neno langu. Sasa akiulizwa na mzazi yeyote atajibu: binti wa Papa Shimo anakwenda kusomea uhandisi, amepitisha.

Unajua kilichonichukiza zaidi? Sio kwamba ulikosea. Ni uso wako ulivyong'aa walipopiga makofi. Nilijiona mimi, nimesimama juu ya mapipa yangu, nimelowa, nacheka, na maji ya Bi Salma yakiwa chini ya miguu yangu. Ule uso nilikuwa nao. Ndio uso ulioniharibu.

Jenga madaraja, mama, mimi sikatai. Utajenga mazuri, una kichwa, na nitakuja kuyakanyaga na viatu vya Jumapili. Lakini huko unakokwenda watakufundisha vitu vingi vitakavyokuwa kweli mahali fulani, kwenye udongo fulani. Walimu watakuwa na uhakika. Wewe utakuwa na uhakika. Babu yako alikuwa na uhakika na alikuwa sahihi kabisa, kwenye udongo wake. Sina dawa ya jambo hilo. Ninachokijua ni kwamba mtu anayejua kusema "iko sawa" anapigiwa makofi siku hiyo hiyo, na anayesema "nilikosea" husogezewa kiti. Nimekaa upande wa makofi, nimekaa upande wa kiti. Huu wa pili unauma, lakini ukiwa huku unalala.

Sasa sikiliza. Mama yako ndiye atakayekusindikiza kwenye gari. Mimi hapo hutaniona. Nitakuwa nimetangulia shuleni, nimekaa chini katikati ya vigingi, na atakayetaka kuchimba achimbe na mimi humo. Wataniita mwenda wazimu, wataniita mzee mwenye wivu na binti yake, Directeur ataleta watu wa kuniinua. Wataniinua tu. Mimi si mzito, na neno langu halina uzito tena mahali hapa, nililimaliza mwenyewe kwenye mapipa. Lenye uzito ni lako. Walilipigia makofi.

Gari lenu likitoka mjini litapita mbele ya shule. Mwambie dereva asimame. Abiria watalalamika, waache walalamike. Ingia uani, mbele ya Directeur, mbele ya wachimbaji, mbele ya walimu, useme kwa sauti ile ile uliyoitumia leo mezani: nilikosea, hapa shimo lisichimbwe. Wakikuuliza kwa nini, waambie. Wakikucheka, waache wacheke. Halafu rudi kwenye gari uende zako.

Ukipita bila kushuka, nitakusamehe, wewe ni damu yangu. Lakini usinipungie mkono dirishani. Divine atakuwa pale kwenye pompe, anakinga maji, na nisingependa akuone ukitupungia.

Mimi baba yako, ambaye kesho utanikuta nimekaa chini.